Nyavu za magoli: kwanini za zamani zilikuwa tamu kuangalia kuliko hizi za sasa?

Kambani_Tandika

Wakuu habari za jioni. Nina swali ambalo mke wangu kaniambia ni la mtu asiye na kazi, nimeona nilete huku kwa wasio na kazi wenzangu.

Juzi nilikuwa kibanda umiza hapa Tandika tunasubiri mechi ianze, mwenye banda akachomeka flashi yake ya mechi za zamani, ikaja fainali ya Kombe la Dunia 1978 pale Buenos Aires, uwanja wa Monumental, Argentina na Uholanzi, yale makaratasi yametapakaa uwanja mzima kama kuna harusi, Kempes anafunga na mi nikajikuta simwangalii Kempes naangalia nyavu. Zile nyavu zina nafasi huko nyuma bwana, unaingiza kitanda na kabati linabaki la kupita mtu. Na milingoti chini imepakwa rangi nyeusi kama imevaa soksi. Mpira ukiingia unazama, nyavu zinavimba kama tanga la jahazi halafu zinarudi taratibu kukaa mahali pake.

Sasa ikaanza mechi yenyewe tuliyolipia jero, straika kapiga bonge la shuti, mpira umeingia ukagonga nyavu ukarudi uwanjani fasta kama umegonga ukuta wa tofali, banda zima sekunde nzima tunaulizana imeingia au imegonga mwamba. Goli lipo ila raha haipo.

Ndo nauliza, nani anapangaga nyavu zikae vipi? Kuna sheria au kila uwanja na mtu wake? Na kwanini zamani ukionyeshwa goli tu unajua huu uwanja fulani, siku hizi ukinificha jezi na majukwaa siwezi kukwambia hapa ni Hispania au ni Chamazi? Na wewe goli lako la nyavu kali ni la wapi?

Zungu_la_Unga

Mkuu nyavu ni nyavu. Mi naangalia mpira umeingia au haujaingia nalala. Mkeo kasema kweli.

Mzee wa Shamba la Bibi

Vijana mnapenda kusema nyavu ni nyavu kwa sababu mpira mnauonea kwenye tivi, kamera ipo juu pembeni huko, nyavu mnaziona kama utando wa buibui. Sisi tuliosimama nyuma ya goli pale uwanja wa Uhuru, kabla ya huu wa Mkapa kufunguliwa 2007, nyavu ndo zilikuwa tivi yetu. Ukisimama nyuma ya goli humuoni vizuri mpigaji, anakuwa mdogo kule, unaona mpira unakuja unakua unakua halafu ghafla ule mviringo umekujia usoni umesimamishwa na kamba, na unarudi nyuma mwenyewe bila kutaka. Na sauti yake, sio kishindo, ni kama mtu ametikisa shuka lenye maji. Mvua ikinyesha kamba zinalowa, mpira ukigonga yanaruka matone unayaona kabisa.

Kwa Mkapa ni pazuri sina neno, watu elfu sitini wanakaa, ila kuna ile njia ya riadha imezunguka, nyuma ya goli upo mbali, nyavu unazihadithiwa.

Na kingine, watangazaji wetu wanasema kazifumania nyavu, kacheka na nyavu. Hizi za sasa zilivyokazwa utacheka nazo vipi, zenyewe zimenuna.

Kambani_Tandika

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye kununa umemaliza.

Fundi Nondo

Ngoja niwape ya fundi maana hii kazi mi ndo nafanya, timu yetu ya mtaani na mabonanza ya maveterani Jumapili huku Mbagala nyavu nafunga mimi, na magoli mengi ya vyuma huku nimechomelea mimi.

Muonekano wa nyavu hautoki kwenye nyavu. Unatoka kwenye kinachozishika huko nyuma. Nyavu zenyewe ni kitambaa tu, nguo inakaa kufuatana na mwili. Zamani magoli mengi Ulaya yalikuwa na vyuma vimechomelewa kwenye pembe pale mlingoti unapokutana na mwamba, vinakwenda nyuma kidogo halafu vinapinda, nyavu zinalazwa juu ya vile vyuma halafu zinadondoka zenyewe mpaka chini. Sasa kila mji na fundi wake, mmoja kakunja chuma kirefu, mwingine kifupi, mwingine kakizungusha kama mkono wa kikombe, ndo maana ukiona tu kona ya goli unajua hapa wapi. Kwingine hawakuweka chuma kabisa, wamevuta kamba mpaka kwenye uzio au nguzo zilizo mbali nyuma, hapo nyavu zinakuwa na kina kirefu na zinalegea kama machela. Maracanã ya zamani ilikuwa hivyo, wenyewe Wabrazili waliziita shela la bi harusi, na ukiangalia ile penati ya Pele ya goli la elfu moja mwaka 1969 na Vasco, amekwenda mwenyewe kuufuata mpira huko ndani nyavuni akaubusu. Kwenye nyavu za sasa angeufuata wapi, si ungekuwa umesharudi kwenye nukta ya penati.

Hizi za sasa ni boksi. Nguzo mbili zinasimama peke yake nyuma ya goli, hazigusi mlingoti, kamba inavuta kila kona ya nyavu kwenda kwenye nguzo, chini kuna fremu au pegi. Zikivutwa zinakuwa sanduku, pande zote zimenyooka. Kwanini kila mtu kaenda huko? Moja ni usalama, hakuna chuma ndani ya goli cha kumvunja mtu meno. Pili unafunga na kufungua haraka, mkata majani anainua nyavu za chini anapita na mashine. Tatu tivi, kamera inakaa nyuma inachungulia bila kamba kuzibazibishia. Na unaponunua goli kiwandani linakuja seti nzima, hakuna tena fundi wa mji. Hapo ndo utamu ulipoondokea.

Ila boksi sio lazima irudishe mpira. Hiyo ya kurudisha ni mfungaji amekaza kupita kiasi. Mi nikifunga naacha kiganja kimoja cha kulegea nyuma, na chini siweki pegi karibu karibu, mpira unaingia unachoka.

Kona_Bendera

Naomba niongeze historia kidogo maana watu wanadhani nyavu zilizaliwa pamoja na mpira. Miaka mingi watu walicheza na milingoti mitupu, mpira ukipita mnabishana umepita ndani au nje, kama sisi tulivyokuwa tunabishana na ndala mbili barabarani. Aliyeleta nyavu ni injinia wa jiji la Liverpool, John Alexander Brodie, baada ya ubishi wa goli kwenye mechi ya Everton na Accrington mwaka 1889. Akafikiria kitu kama mfuko, mpira ukiingia ubaki humo ushahidi uwepo. Huyo huyo baadae ni mmoja wa walioshughulika na barabara ya chini ya mto Mersey, ila nasikia alichojivunia ni nyavu.

Sasa chekini kichekesho. Sheria namba moja mpaka leo inasema nyavu ZINAWEZA kufungwa kwenye goli, haisemi lazima. Zikifungwa basi zishikiliwe vizuri na zisimsumbue kipa. Imepima goli mita 7.32 kwa 2.44, imepima unene wa mlingoti usizidi sentimita 12, ila nyavu ziende nyuma kiasi gani, rangi gani, macho ya mraba au ya pembe sita kama sega la nyuki, sheria imekaa kimya. Wanaolazimisha nyavu ziwepo ni kanuni za mashindano. Liverpool mwaka 2012 walirudisha nyavu nyekundu pale Anfield na hakuna aliyekamatwa.

Na hao wanaozililia zile za vyuma vya kona wakumbuke Clive Allen. Septemba 1980, Crystal Palace wako kwa Coventry, jamaa kapiga faulo ikaingia juu pembeni kabisa, ikagonga kile chuma cha ndani ikaruka nje. Refa akaona imegonga mwamba, mpira ukaendelea. Goli safi limekufa kwa sababu ya hicho mnachoita urembo.

Zungu_la_Unga

Kwahiyo na ile ya Aziz Ki wa Yanga dhidi ya Mamelodi kule Pretoria Aprili 2024 tulaumu chuma?

Kona_Bendera

Ile haikufika hata kwenye nyavu, iligonga mwamba ikadunda chini ikatoka. Ndo maana imeleta kelele mpaka leo. Ingegusa kamba moja tu pale nyuma nani angebisha? Tukaishia matuta, basi. Usinikumbushe, nimekula vizuri leo.

Mnyama_wa_Buguruni

Utopolo mnalia mpaka kwenye uzi wa nyavu 😂😂 haya endeleeni.

Dada Kipa

Mmeongea mafundi, wameongea mashabiki, kipa hajaulizwa hata mmoja. Mi nadaka timu ya wanawake, ligi za chini huko, nimedaka viwanja vya nyasi na vya vumbi.

Nyavu zenye kina kirefu nyie mnaziona tamu, mi zinaniua. Ukifungwa unatakiwa utembee mle ndani, uiname, uutoe mpira kwenye kona kule ulikojisokota, na mashabiki wapo hatua mbili nyuma yako wanakutajia mama yako. Ile safari ni ndefu kuliko kwenda Kibaha. Halafu miguu, njumu zinanasa kwenye macho ya nyavu, ukijaribu kutoka haraka unavutika unaanguka, wanacheka mara ya pili.

Ila hizi zilizokazwa nazo zina dharau yake. Mechi moja nimefungwa, nimekaa chini nimeinamisha kichwa, mpira ukagonga nyavu za nyuma ukarudi ukanipiga kisogoni. Nikafungwa na kupigwa kofi ndani ya sekunde moja.

Ninachopenda mi ni nyavu nyeupe nene zenye macho makubwa, ili nikigeuka nyuma nione. Nyavu nyeusi zinachanganya na watu waliokaa nyuma. Na nyavu ndogo za pembeni ziwe zimefungwa mpaka chini jamani, nyie hamjui kipa anavyoteseka mpira ukigonga nyavu ndogo kwa nje, upande mmoja wa uwanja wote wanaruka goooli, mi najua sio goli na moyo umeshashuka tumboni tayari.

Na yale maneno yenu kwamba taulo la kipa nyavuni ni uchawi naomba yaachwe. Ni la jasho.

Mnyama_wa_Buguruni

Dada taulo la jasho mbona hulifutii jasho linakaa tu limening'inia kona ya nyavu mpaka filimbi ya mwisho?

Dada Kipa

Nimesema yaachwe.

Kona_Bendera

Dada kunasa kwenye nyavu sio wewe peke yako. Aprili 1971 Ujerumani, Borussia Mönchengladbach na Werder Bremen, moja moja, dakika za mwisho, Herbert Laumen kaukimbilia mpira akaangukia ndani ya nyavu, zikavuta, mlingoti wa mbao ukavunjika goli lote likamlalia. Wakajaribu kulisimamisha likakataa, mechi ikavunjwa, Bremen wakapewa ushindi wa mbili bila mezani. Baada ya hapo magoli ya mbao kule yakaanza kutupwa yakaja ya alumini.

Na ile staili ya kufunga nyavu kwenye uzio wa nyuma anayoisifia Fundi, aulize Real Madrid. Tarehe 1 Aprili 1998, nusu fainali na Dortmund, mashabiki wamening'inia kwenye uzio, uzio ukaenda chini ukavuta nyavu, nyavu zikavuta goli, goli puu. Bernabéu nzima hakuna goli la akiba, wakaenda kulichukua uwanja wa mazoezi, watu zaidi ya saa nzima wanasubiri. Siku ya wajinga kabisa.

Fundi Nondo

Hiyo sio kosa la nyavu ni kosa la uzio. Mi uzio wangu ungeshika.

Jarife

Nimecheka sana Fundi. Mi ni mtu wa Kigamboni, familia yetu ya uvuvi, na naona mmesahau kwamba hili neno nyavu mmelikopa kwetu, kwahiyo naomba heshima.

Huku pwani timu nyingi za mchangani zimecheza na nyavu zilizotoka baharini. Inategemea umepewa ipi. Ukipewa jarife, ile ya papa na taa, kamba nene macho makubwa, hiyo ndo goli lenyewe, haikai umbo la sanduku, inaning'inia kwa uzito wake na mpira ukiingia inaubeba. Ukipewa nyavu za dagaa umeumia, macho madogo goli linaonekana limefungwa chandarua, upepo wa jioni ukija unazijaza kama puto kipa anasukumwa na goli lake mwenyewe. Na mbaya kuliko zote ni ile ya uzi mmoja wa plastiki unaong'aa, haionekani, inakata vidole. Tulishafunga hiyo siku moja kwa kukosa, mchezaji wetu kaingia nayo mzima mzima akatoka na mistari shingoni kama kachomwa na gridi ya mishikaki.

Tofauti nyingine ni fundo. Nyavu ya kuvulia fundo lake linakazwa lisiteleze kabisa maana samaki anapigana. Ukiipiga mpira kila siku kamba hailegei, inakatika palepale kwenye fundo, na likikatika jicho moja usipoliziba leo kesho yanakuwa manne. Baba yangu alikuwa anakaa chini ya mkungu na sindano yake ya mbao anaziba, sisi tumesimama na mpira kwapani tunamuomba afanye haraka, na yeye anatuambia papa hajawahi kunitoboa hivi.

Kambani_Tandika

Jarife umenitonesha kidonda. Tundu moja la jicho nne lilitufanya tukimbie uwanja.

Fainali ya mtaa, mwaka wenyewe tuuache, kombe ni mbuzi. Tumeongoza moja bila mpaka dakika za mwisho, jamaa wao kapiga kutoka pembeni, mpira umepita nje kabisa ya mlingoti, nimeuona kwa macho yangu mi nilikuwa beki wa pale pale, ukagonga nyavu ndogo, ukapita kwenye tundu ukaingia ndani ukatulia. Refa anakuja mbio, anaukuta mpira umekaa ndani ya goli kama mtoto wa nyumba hiyo, akanyoosha mkono katikati. Tukamuonyesha tundu. Akasema tundu sio lake, lake ni mpira. Hapo ndo ngumi zilipoanza na mbuzi akachukuliwa na mtu ambaye hakuwa na timu.

Kona_Bendera

Mkuu hiyo hiyo imetokea Bundesliga. Oktoba 2013, Hoffenheim na Leverkusen, Stefan Kiessling kapiga kichwa, mpira umetoka nje, mwenyewe ameshashika kichwa kwa kusikitika, mara mpira huo umo ndani. Ulipita kwenye tundu la nyavu za pembeni. Refa akatoa goli, Leverkusen wakashinda mbili moja, rufaa ikakataliwa matokeo yakabaki. Na waamuzi wanatakiwa kuzikagua nyavu kabla ya mechi, ndo maana unawaona wanazivutavuta pale mwanzoni.

Kambani_Tandika

Kwahiyo tupo levo moja na Bundesliga, tofauti ni mbuzi.

Mzee wa Shamba la Bibi

Kwenye maumbo na mimi niongeze moja, sio nyavu ni mlingoti ila vinakwenda pamoja. Hampden Park kule Glasgow walikuwa na milingoti ya mraba, ina kona kali kama ya mlango. Fainali ya klabu bingwa Ulaya 1976 Saint-Étienne wamegonga mwamba mara mbili, Bathenay na Santini, wakafungwa moja bila na Bayern. Wafaransa mpaka leo wanasema ingekuwa ya duara mpira ungeingia, na yale magoli wakaenda kuyanunua wakayaweka kwenye makumbusho yao. Mtu ananunua kilichomuua. Hao ndio wanajua kwamba goli la uwanja fulani ni la uwanja huo, sio la katalogi.

Zungu_la_Unga

Nakubali nimebadilika. Nimeenda kuangalia zile za Maracanã za zamani, nimerudia mara sita, usiku umeisha. Kambani mwambie shemeji amuulize na mke wangu.

Kambani_Tandika

😂😂 karibu chamani.

Sasa wakuu nimeamua. Uwanja wetu nyavu zimekwisha, Kariakoo wanauza za boksi seti mbili bei ya kulilia. Jarife, unaweza kututengenezea za kulegea, za kubeba mpira? Fundi atatuwekea vyuma vya nyuma, virefu, nataka kina cha Monumental.

Jarife

Naweza, ila sitaki vipimo vya hatua za miguu. Lete futi kamba, upime magoli yote mawili, upana, urefu na unapotaka kamba iishie nyuma. Nikifuma haibadiliki.

Fundi Nondo

Vyuma nitaweka. Mtoe hela ya nondo kwanza, mnanijua.

Kambani_Tandika

Wakuu mrejesho. Leo asubuhi nimeenda na futi kamba na vijana wawili. Goli la upande wa barabarani lina mita saba na sentimita kumi. La upande wa msikiti lina sita na nusu. Tumepima mara tatu.

Miaka yote tumekuwa tunagombania upande wa kuanzia tukidhani ni upepo.